Wiki ya dola 76: uchambuzi wa kisa cha familia ya Kisumu iliyonunua taimushea mnadani

Tangazo lilionyesha bwawa la kuogelea, vyumba viwili vya kulala na jiko lenye kila kitu. Chini yake palikuwa na maneno manono: wiki nyekundu, Orlando, umiliki wa milele, mnada unaanzia dola 1. Dau lililoshinda lilikuwa dola 76. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 9,804, fedha zisizotosha hata mifuko kumi na mitano ya saruji.

Aliyeweka dau ni kijana wa Kisumu anayefanya kazi Tampa, jimbo la Florida, Marekani, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari hadi Orlando. Alikuwa akiwanunulia wazazi wake. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na baba ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye. Kisa ni cha mfano, kimeshonwa kutokana na makosa yanayojirudia katika minada ya aina hii, na hesabu zake pia ni za mfano. Muuzaji hakusema uongo hata mahali pamoja. Hasara yote ilikuwa ndani ya mambo ambayo mnunuzi angeweza kuyajua kabla ya dau la mwisho.

Mnada ukiwa bado wazi, mama aliuliza swali moja kwa simu: "Na kila mwaka tutalipa nini, mwanangu?" Kijana akamsomea tangazo: "Kuna ada ya matunzo, mama, kama kawaida." Swali lilikuwa sahihi kabisa. Jibu halikuwa na namba.

Kitu kilichonunuliwa hasa

Taimushea ni nyumba ya likizo inayomilikiwa kwa zamu. Nyumba moja hugawanywa kwa wiki za mwaka, kila wiki ikawa na mwenyewe. Mwenye wiki ana haki ya kulala pale siku saba kwa mwaka, na pamoja na haki hiyo anabeba sehemu yake ya gharama: bima, maji, umeme, mishahara, kodi ya mali, akiba ya kubadilisha paa na samani. Bili huja kila mwaka, awe alilala pale au hakulala. Kwa hati ya kudumu, bili hiyo haina mwaka wa mwisho. Hayo maneno "umiliki wa milele" yaliyoandikwa kama sifa ndiyo yaliyopaswa kusomwa kwanza.

Ndiyo maana mnada unaanzia dola 1. Aliyenunua wiki hiyo mara ya kwanza kwa kampuni iliyojenga huenda alilipa maelfu ya dola, lakini sehemu kubwa ya bei ile ilikuwa gharama ya kumtafuta yeye na kumshawishi, na hiyo hairudi anapouza. Anayeuza leo hatafuti bei, anatafuta mtu wa kuichukua bili. Mara nyingi hata si mmiliki aliyeweka tangazo, bali kampuni iliyolipwa na mmiliki ili imwondolee mzigo. Kampuni hiyo imeshapata chake kwa mmiliki, na itapata tena kwenye ada ya uhamisho. Kwake, dau la dola 76 au la dola 6 ni mamoja.

Mkenya aliyewahi kununua ploti analijua jambo hili kwa sura nyingine. Kodi ya ardhi ya kaunti ikilimbikizwa, deni linafuata ploti, na bila cheti cha kuonyesha limelipwa huwezi kuhamisha hati. Florida, kwa wiki ya taimushea, ni vivyo hivyo upande wa deni: sheria yake ya taimushea, sura ya 721, inamfanya mmiliki mpya awajibike pamoja na wa zamani kwa ada ambazo hazikulipwa hadi siku ya uhamisho. Tofauti ni hii, nayo ndiyo iliyoiumiza familia hii: kule hati inaweza kusajiliwa kaunti deni likiwa bado limekaa. Hakuna karani wa kukuzuia mlangoni akidai cheti. Usipokidai wewe, hakidaiwi.

Kutoka dola 76 hadi 3,073

Juu ya dau kulikuwa na ada ya uhamisho ya muuzaji, dola 425, iliyotajwa katikati ya tangazo kwa maandishi madogo. Kijana alilipa jumla ya dola 501 kwa kadi siku hiyohiyo. Baadaye mradi, yaani uongozi wa nyumba hizo za likizo, ukadai dola 200 za kubadilisha jina kwenye vitabu vyake. Kisha ikaja bili ya mwaka unaoanza, dola 1,180. Na pamoja nayo, mstari ambao hakuna aliyeutarajia: ada ya mwaka uliopita, dola 1,095, na faini ya kuchelewa dola 97. Jumla ni dola 3,073, yaani shilingi 396,417. Dau lililoshinda ni kama sehemu moja kati ya arobaini ya fedha hizo.

Tangazo lilikuwa limesema kwamba mnunuzi atabeba "ada zote zitakazokuwa zinadaiwa wakati wa uhamisho". Mtu akisoma haraka anaelewa ada za mbele. Kisheria, maneno hayo yanabeba na za nyuma.

Tazama sasa miaka kumi. Ada ikianzia dola 1,180 na kupanda asilimia 5 kila mwaka, mwaka wa kumi itakuwa kama dola 1,830, na jumla ya miaka kumi ni karibu dola 14,840, zaidi ya shilingi milioni 1.9. Hapo hatujaingiza mchango wa dharura, ambao mradi huwatoza wenye wiki wote pale akiba inapozidiwa, kwa mfano baada ya kimbunga kung'oa mapaa. Hatujaingiza pia shilingi yenyewe. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Bili ya dola 1,180 ambayo kwa 129 ni shilingi 152,220, kwa 160 ni shilingi 188,800, na mradi haujaongeza hata senti. Anayepata mshahara au mauzo kwa shilingi akijifunga kwa bili ya dola isiyo na mwisho, amejifunga pia kwa soko la fedha za kigeni.

Wiki nyekundu ya Septemba

Rangi nyekundu katika biashara hii inamaanisha msimu unaotafutwa sana. Lakini katika orodha za kubadilishana wiki, Orlando huhesabiwa nyekundu mwaka mzima, kwa sababu bustani zake za burudani hazifungwi. Kwa hiyo kuandika "nyekundu" kwenye wiki ya Orlando hakumwambii mnunuzi chochote. Kilichomhusu kilikuwa namba ya wiki, nayo ilikuwa 37, wiki ya kudumu isiyohamishika.

Wiki ya 37 huangukia katikati ya Septemba. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni hapohapo, karibu tarehe 10 Septemba. Watoto wa Marekani wamerudi shule, hoteli zina nafasi, bei zimeshuka. Na kwa mwalimu wa Kisumu muhula wa tatu umeshaanza; likizo zake ni Aprili, Agosti na Desemba. Kati ya wiki 52 za mwaka, mama huyu alinunuliwa wiki ambayo kazi yake haimruhusu kuitumia hata mara moja kabla hajastaafu.

Kijana alitegemea kwamba wiki hiyo wataibadilisha na ya Desemba kupitia kampuni za kubadilishana kama RCI au Interval International. Inawezekana, ila si kwa namna aliyofikiri. Kwanza unalipia uanachama, kisha unalipia kila badilisho. Pili, wiki unayoweka hupewa nguvu ya mabadilishano kulingana na uhitaji wake, na Orlando ina nyumba nyingi mno za aina hii. Wiki ya Septemba pale haiwezi kukuletea wiki ya Krismasi pwani. Tatu, wiki yenye deni haipokelewi kabisa. Wenye mfumo wa pointi, wanaopewa pointi za kulipia malazi badala ya wiki maalumu, hukutana na kikwazo kingine: kampuni nyingi humnyima aliyenunua kwa mtu mwingine baadhi ya manufaa anayopewa aliyenunua kwao, na orodha ya manufaa hayo haipo kwenye tangazo la mnada.

Kuhusu viza, ni vizuri kusema wazi, kwa maana wapo wanaodhani kumiliki kitu Marekani kunasaidia. Mwombaji wa viza ya matembezi anatakiwa amshawishi afisa kwamba atarudi nyumbani. Kinachopimwa ni kazi, familia na mali ya Kenya. Wiki ya Orlando haithibitishi lolote kati ya hayo. Ada ya maombi ni dola 185 kwa kila mtu, hairudishwi hata ukinyimwa, na mahojiano ni Nairobi.

Hati ilisajiliwa kabla ya mtu kuuliza

Kosa kubwa kuliko yote lilitokea wakati familia ilidhani kazi imekwisha. Muuzaji alitumia wakala wake mwenyewe wa uhamisho. Wakala akaandaa hati ya kuachia haki, yaani ile ambayo muuzaji anasema tu, "haki yoyote niliyonayo nakuachia," bila kuahidi kwamba anayo, wala kwamba haina deni. Mbadala wake ni hati yenye dhamana, ambamo muuzaji anawajibika mwenyewe ikionekana hati ina kasoro. Hati ya muuzaji ilisainiwa mbele ya mthibitishaji na mashahidi wawili, kama Florida inavyotaka, ikalipiwa stempu, ikasajiliwa kaunti. Ada za serikali ni ndogo sana: stempu ni senti 70 kwa kila dola 100 au sehemu yake, na usajili ni dola 10 kwa ukurasa wa kwanza. Linganisha na dola 425 zilizotozwa.

Kilichokosekana ni barua ya hali ya akaunti kutoka kwa mradi. Hiyo ndiyo karatasi muhimu kupita zote. Hutaja wamiliki wote walio kwenye vitabu, namba ya nyumba na ya wiki, mwaka wa kwanza ambao wiki bado haijatumiwa, ada ya mwaka, deni lolote, na mkopo wowote uliobaki. Mradi huitoa kwa ada, na wakala mwadilifu haandiki hati kabla ya kuishika mkononi. Kama ingeombwa, dola 1,192 za nyuma zingeonekana wakati fedha za mnunuzi bado ziko kwenye akaunti ya amana na hati haijasajiliwa. Hapo mnunuzi ana nguvu: muuzaji alipe, au tuachane. Baada ya usajili, nguvu hiyo imekwisha.

Wengine hujifariji kwamba kuna siku za kughairi. Florida humpa anayenunua moja kwa moja kwa kampuni ya mradi siku 10. Usiitegemee haki hiyo kwenye mnada wa mtu binafsi. Ulinzi wa mnunuzi unaotangazwa na tovuti kubwa za mnada na za malipo nao kwa kawaida hauhusu mali isiyohamishika, na wiki yenye hati iko humo. Nyota za muuzaji pia hazikusaidia. Wanunuzi humpa nyota hati inapofika, na bili ya kwanza huja miezi kadhaa baadaye.

Kulikuwa na dalili moja iliyopita mbele ya macho yao. Miradi mingi ina haki ya kwanza ya kununua: kabla wiki haijahamishwa, kampuni inaweza kuichukua kwa bei ileile uliyoshinda nayo. Barua ikaja kusema kampuni haitaki. Familia ikashangilia. Lakini kampuni inayouza wiki kwa maelfu ya dola imeona wiki hii kwa dola 76, ikaiacha. Kampuni inaijua bili kuliko mtu yeyote.

Uchunguzi ambao ungechukua jioni mbili

Jioni ya kwanza ni ya rekodi za kaunti. Muulize muuzaji nakala ya hati iliyosajiliwa na bili ya mwisho ya ada. Asiyetoa hivi viwili, usimwekee dau. Kisha fungua rekodi za umma za kaunti ilipo nyumba, zinapekuliwa bure mtandaoni kwa jina. Hapa wengi hupotea: Orlando ni Kaunti ya Orange, lakini miradi mingi inayojitangaza kama ya Orlando iko Kissimmee, Kaunti ya Osceola. Ukipekua kaunti isiyo yenyewe hutaona kitu, nawe utadhani mali ni safi. Tafuta jina la mmiliki, si la aliyeweka tangazo. Angalia hati yake, kama kuna mkopo, na kama kuna waraka wa kuonyesha mkopo ulilipwa. Hati ikiwa na majina ya mume na mke, wote wawili lazima wasaini. Mmoja akiwa amefariki, lazima kuwe na cheti cha kifo au shauri la mirathi kwenye rekodi.

Jioni ya pili ni ya simu. Saa tatu asubuhi Orlando ni saa kumi jioni Kisumu, au saa kumi na moja wakati wa majira yao ya baridi. Mradi hautakueleza akaunti ya mtu mwingine, na una haki, lakini utajibu haya bila shida: ada ya mwaka huu ya nyumba ya vyumba viwili ni kiasi gani, ilikuwa kiasi gani miaka mitatu iliyopita, kuna mchango wa dharura uliopitishwa, kubadilisha jina ni dola ngapi, mnunuzi wa mitumba ananyimwa nini, na mradi unapokea tena wiki kutoka kwa mwenye kuichoka au haupokei. Swali hilo la mwisho lingetosha kuamua peke yake.

Kisha linganisha na kukodi. Wenye wiki hukodisha kwa wageni, na msimu wa chini mara nyingi kodi huwa chini ya ada wanayolipa wenyewe. Ukiona hivyo kwa wiki unayoitaka, usinunue hata kwa dola 1. Kodi, lala, rudi nyumbani.

Zipo wiki zinazofaa: za Krismasi, za Pasaka, za pwani zenye nyumba chache, ambazo kukodi kwake kunazidi ada kwa mbali. Hizo zina wanaozigombania, na mnada wake hauishii dola 76.

Kwa anayenunua akiwa Kenya kuna mambo mawili zaidi. Jina kwenye hati lifuate pasipoti herufi kwa herufi, majina yote matatu kama yako hivyo, maana mapokezi watakagua kitambulisho. Na ufikirie mirathi. Mmiliki akifa, karatasi za usimamizi wa mirathi zilizotolewa Kisumu hazitoshi zenyewe kuhamisha hati ya Florida. Huhitajika shauri la ziada kule, kwa wakili wa kule, kwa mali isiyouzika.

Namna walivyojitoa

Kwanza waliomba mradi taarifa ya akaunti kwa maandishi, ili wabishane na namba badala ya maneno. Wakamwandikia muuzaji alipe ada ya nyuma. Akawaonyesha ule mstari wa tangazo. Wakalipa, kwa sababu deni lisilolipwa huongeza faini, huzuia kutumia wiki, na hatimaye huweza kufikia kunyang'anywa na kesi kusajiliwa kwa majina ya mama na baba. Wasingeweza pia kurudisha wiki wakiwa na deni: miradi inayopokea wiki tena hutaka akaunti iwe safi na pasiwe na mkopo.

Wiki ya Septemba waliikodisha kwa dola 550, chini ya nusu ya ada yake, kisha wakaomba kuirudisha kabla bili ya Januari haijatolewa. Mradi ulikubali kwa dola 300. Majina mawili kwenye hati yalimaanisha saini mbili mbele ya mthibitishaji anayekubalika Florida. Walikwenda kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi, ambako kila muhuri ni dola 50. Mama aliomba ruhusa ya siku moja, baba akafunga duka. Bila nauli na mihuri, hasara ilibaki dola 2,823, yaani shilingi 364,167.

Kati ya usajili na kurudisha, simu zilikuwa haziishi. Majina yakishaingia kwenye rekodi za umma, wapo wanaopiga wakisema wana mnunuzi tayari au watakuondoa kwenye mkataba, ukitanguliza dola elfu kadhaa. Tume ya Biashara ya Marekani imewaonya watu mara nyingi kuhusu malipo ya kutanguliza kama hayo. Familia haikutuma chochote.

Hati ya kurudisha nayo husajiliwa kaunti, na mwenye kurudisha adai nakala yenye namba ya usajili. Vitabu vya mradi vikichelewa kurekebishwa, bili ya mwaka unaofuata huweza kuchapishwa bado kwa jina la zamani. Barua moja ikiitaja namba hiyo, na nakala ikiwa imeambatishwa, huifuta. Nakala ya familia hii iko kwenye faili moja na hati ya ploti yao.